Nani Muuaji? Mchezo wa Kompyuta "Pentiment" na Funzo Lake kwa Mhakiki wa Fasihi

UTANGULIZI

Maswali ya Karatasi ya 3 ya Kiswahili (102/3) hutawaliwa na vitenzi vichache: jadili, thibitisha, eleza, tathmini. Kila kimoja humtaka mtahiniwa atoe hoja na kuitegemeza kwa ushahidi kutoka katika matini. Hata hivyo, wengi wa watahiniwa wetu huingia katika chumba cha mtihani wakiwa wamekariri majibu ya miongozo. Akiulizwa iwapo mhusika fulani alistahili yaliyompata, mtahiniwa wa aina hii hukumbuka orodha ya sifa tano za mhusika huyo na kuimwaga yote karatasini. Anaamini kwamba mahali fulani pana jibu moja lililokwisha kuandikwa, na kwamba kazi yake ni kulikumbuka tu.

Makala haya yanachunguza kazi ya ubunifu ambayo haimruhusu mtu kufikiri hivyo. Kazi yenyewe si riwaya wala tamthilia. Ni mchezo wa kompyuta uitwao Pentiment, uliotolewa mwezi wa Novemba 2022 na kampuni ya Obsidian Entertainment ya Marekani chini ya uongozi wa mbunifu Josh Sawyer. Kisa chake kimewekwa Ujerumani, Enzi za Kati zilipokuwa zikimalizika. Ndani yake mna mauaji, washukiwa na hukumu, lakini mchezaji haambiwi kamwe kwa yakini ni nani aliyeua.

Huenda mwalimu akauliza: mchezo wa kompyuta unatuhusu nini sisi walimu wa fasihi ya Kiswahili? Hapa Mumbuni, karibu na mji wa Machakos, wanafunzi wetu hucheza michezo katika simu za wazazi na katika vibanda vya mjini. Wengi wetu huiona michezo hiyo kuwa adui wa kitabu, na mara nyingi tuna sababu. Hata hivyo, ipo aina moja ya mchezo ambayo msingi wake ni hadithi, na hadithi ndiyo taaluma yetu. Nia yetu ni kuonyesha jinsi aina hiyo inavyofanya kazi, inavyokaribiana na Utendi wa Fumo Liyongo, na namna mwalimu anavyoweza kuitumia kumfunza mwanafunzi kujenga hoja, hata katika shule isiyo na kompyuta hata moja.

MCHEZO WA MKASA NI NINI?

Michezo ya kompyuta ina tanzu zake kama ilivyo fasihi. Ipo ya mbio za magari, ya kandanda na ya kupigana. Utanzu unaotuhusu hapa tunaweza kuuita mchezo wa mkasa. Katika mchezo huu ushindi hautokani na wepesi wa vidole bali na kufuatilia kisa. Mchezaji huelekeza mshale wa kipanya kwenye kitu au mtu aliye katika picha, kisha hubofya. Akibofya mlango, mhusika wake huuendea. Akibofya mtu, mazungumzo huanza na mchezaji huchagua la kusema kati ya kauli mbili, tatu au nne.

Utanzu huu ulianza bila picha. Mnamo 1976 Mmarekani Will Crowther alitunga mchezo wa maandishi matupu kuhusu pango, na mchezaji alilazimika kuchapa amri zake kwa maneno. Baadaye picha ziliingia. Katika mchezo Maniac Mansion wa 1987, vitenzi viliorodheshwa chini ya skrini, kama vile fungua, chukua, sukuma na soma. Mchezaji alichagua kitenzi, kisha akachagua kitu cha kutendwa. Mwalimu wa sarufi ataona mara moja kwamba mchezaji huyo alikuwa akitunga sentensi: kitenzi na yambwa.

Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, utanzu huu si mgeni kwetu. Fanani wa ngano alisimama mbele ya hadhira iliyomjibu, ikaitikia wimbo wake, na pengine kumfanya arefushe au afupishe kisa. Kitendawili nacho hakiendelei mpaka msikilizaji ajibu au atoe mji. Katika Ukambani mtegaji husema "Kwata ndai", na hadhira hukubali kwa "Nakwata". Kwa kuitikia hivyo hadhira huahidi kushiriki. Mchezo wa mkasa unafanya jambo lilo hilo kwa njia ya mashine: unatega, unasubiri, na hausongi mbele mpaka mchezaji atende.

MUHTASARI WA KISA

Kisa kinatokea katika mji mdogo wa kubuni uitwao Tassing, huko Bavaria, na katika abasia ya Kiersau iliyo juu yake. Kina sehemu tatu: ya 1518, ya 1525 na ya 1543.

Katika sehemu ya kwanza, Andreas Maler, mchoraji kijana kutoka Nuremberg, anafanya kazi katika chumba cha wanakili cha abasia. Humo watawa bado wananakili na kupamba vitabu kwa mkono, ingawa mashine za kupiga chapa zimekwisha kuenea Ulaya. Mwinyi mmoja tajiri, Baroni Lorenz Rothvogel, anawasili na baada ya muda mfupi anauawa. Mtawa mzee Piero, ambaye ni rafiki na mlezi wa Andreas katika sanaa, anakutwa kando ya maiti akiwa na kisu. Abati anataka suala hilo limalizwe upesi. Andreas haamini kwamba mzee huyo aliua. Anaanza kupeleleza huku akijua kwamba ana siku chache tu kabla ya afisa wa kanisa kufika na kutoa hukumu.

Katika sehemu ya pili miaka saba imepita. Abasia imezidisha kodi na kuwazuia wakulima kuutumia msitu. Otto, seremala aliyekuwa akiongoza malalamiko ya wanakijiji, anauawa. Safari hii hasira inalipuka kuwa uasi na maktaba ya abasia inateketea. Katika sehemu ya tatu, Magdalene, binti wa mpiga chapa wa mji, amepewa kazi ya kuchora historia ya Tassing ukutani katika ukumbi wa mji. Ili achore, anapaswa kwanza kujua nini kilitokea, na kila mtu anamsimulia kwa namna yake.

MANDHARI NA WAKATI

Mandhari ya kisa hiki ni ya kubuni lakini wakati wake ni wa kihistoria. Mwaka 1517 Martin Luther alianza kuyapinga hadharani mafundisho ya kanisa kuhusu msamaha wa dhambi unaouzwa. Mwaka 1524 na 1525 wakulima wa Ujerumani waliasi, na madai yao yakaandikwa katika mji wa Memmingen kuwa vipengele 12, vikapigwa chapa na kusambazwa. Uasi huo ulizimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Kwa hivyo moto unaochoma maktaba katika mchezo si kiini macho cha msanii. Ni kipande cha historia kilichotiwa katika kijiji kimoja ili tuone nyuso za watu.

Ulaya hiyo haikuwa mbali na pwani yetu kama tunavyodhani. Mwaka 1505 merikebu za Wareno zilizoongozwa na Francisco de Almeida zilishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Ndani ya msafara huo alikuwamo Balthasar Springer, mwakilishi wa wafanyabiashara wa Augsburg, mji ulio katika Bavaria ya leo. Maelezo yake ya safari yalipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1509. Ina maana kwamba, miaka tisa kabla ya Andreas kuanza kazi Kiersau, msomaji wa Kijerumani aliweza kusoma habari za Mombasa.

Mchezo wenyewe unalikumbuka bara letu. Miongoni mwa wageni wa abasia yumo Sebhat, kasisi kutoka Uhabeshi, anayewasimulia wenyeji kisa cha Biblia kwa picha za mtindo wa kwao. Katika mawazo ya Andreas nako kuna baraza la washauri wanne wa kufikirika, na mmoja wao ni Prester John, mfalme Mkristo wa hekaya ambaye Wazungu wa wakati ule walimdhania kuwa mtawala wa Uhabeshi. Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, alikuwa amebeba barua za kumpelekea mfalme huyo.

MSUKO: UCHAGUZI NA UHABA WA WAKATI

Msuko wa riwaya huwa umekwisha kupangwa na mwandishi. Msomaji anaweza kukasirika, kulia au kufunga kitabu, lakini hawezi kumwokoa mhusika. Katika Pentiment, sehemu ya uamuzi huo imeachwa mikononi mwa mchezaji. Mwanzoni anachagua Andreas alizurura wapi katika ujana wake na alisomea nini. Uchaguzi huo unaamua ni kauli zipi zitapatikana baadaye. Andreas aliyesoma sheria atayaona mambo ambayo Andreas aliyesoma tiba hatayaona.

Mbinu muhimu zaidi ni uhaba wa wakati. Andreas akikubali kula chakula cha mchana katika nyumba fulani, saa zinakwenda. Akimfuata mshukiwa mmoja usiku, hawezi kumfuata mwingine. Hakuna mchezaji awezaye kuona kila kitu katika mzunguko mmoja. Aidha, maneno aliyoyasema mapema hukumbukwa. Mtu aliyemdharau mchana huenda akakataa kushawishika siku mbili baadaye. Hivyo ndivyo taharuki inavyojengwa: si kwa panga na mizimwi, bali kwa hofu ya kufika mahakamani na mkoba mwepesi wa ushahidi.

Washukiwa wakuu wa kifo cha Baroni ni wanne: Ferenc, mtawa mwenye cheo, Matilda, mtawa wa kike, Ottilia, mjane mkongwe, na Lucky, mwashi wa mji. Kila mmoja ana sababu yake ya kumchukia marehemu, na dhidi ya kila mmoja upo ushahidi wenye uzito. Siku ya hukumu Andreas analazimika kusema alichokiona. Kwa msingi wa maneno yake mtu anauawa hadharani, na mchezaji analazimika kutazama.

Kisha hakuna anayekuja kumwambia kwamba alipatia au alikosea. Mwishoni mwa sehemu ya tatu inafichuka kwamba Padri Thomas, kasisi wa mji, ndiye aliyekuwa akiandika barua zisizo na jina ili kuwachochea watu. Shabaha yake ilikuwa kuificha siri: watakatifu wanaoheshimiwa na mji ule wana asili ya miungu ya Warumi wa kale. Mchochezi anajulikana. Lakini mkono ulioshika silaha haujulikani kwa yakini. Hapa pana kinaya kikubwa, kwa kuwa utanzu wa hadithi ya upelelezi umetuzoesha kungoja ukurasa wa mwisho ili tuambiwe.

WAHUSIKA

Andreas ni mhusika duara. Katika 1518 ni kijana mwenye matumaini, anayejiona mwerevu kuliko wanakijiji. Katika 1525 anarudi akiwa msanii mwenye jina, lakini amechoka na moyo wake una majonzi. Watoto aliowaona wamekuwa watu wazima, na wazee aliokula nao wamezikwa. Maktaba inapoungua anaingia ndani ya moto kuokoa vitabu. Tendo hilo linaweza kujadiliwa kwa pande mbili: ni ushujaa wa mlinzi wa elimu, au ni mtu anayekimbia lawama za hukumu alizozitoa.

Magdalene ni mhusika wa kulinganishwa naye. Andreas alitafuta mtu wa kulaumiwa, ilhali Magdalene anatafuta kumbukumbu ya mji mzima. Anapaswa kuamua nini kichorwe ukutani na nini kiachwe. Kupitia kwake mchezo unauliza swali ambalo kila mhakiki wa fasihi simulizi hukutana nalo: historia ya jamii ni ya nani, na ni nani mwenye haki ya kuichagua?

MTINDO: HATI KAMA SAUTI

Wahusika wa Pentiment hawasemi kwa sauti. Maneno yao hujiandika katika mapovu juu ya vichwa vyao, na mchezaji husikia mkwaruzo wa kalamu. Kila tabaka lina hati yake. Watawa wasomi huandikwa kwa hati nzito ya Kigothi, wakulima kwa hati ya haraka isiyonyooka, na aila ya mpiga chapa kwa herufi za chuma zinazogongwa moja moja. Makosa ya tahajia hutokea na kufutwa papo hapo mbele ya macho ya mchezaji.

Mbinu hii ina undani. Hati haionyeshi jinsi mtu alivyo hasa, bali jinsi Andreas anavyomwona. Akigundua kwamba mtu aliyemdhania hajasoma kumbe amesoma, hati ya mtu huyo hubadilika. Ni njia ya kuonyesha mtazamo wa usimulizi ambayo mwalimu anaweza kuieleza kwa urahisi: kila tunachoambiwa kuhusu mhusika kimepita katika jicho la mtu fulani. Mtahiniwa anayeandika kwamba "mhusika huyu ni mjinga" ajiulize kwanza, ni nani aliyesema hivyo?

JAZANDA YA JINA, NA LIYONGO CHINI YA RANGI

Neno la anwani linatokana na sanaa ya uchoraji. Mchoraji akibadili nia, hupaka rangi mpya juu ya ile ya kwanza. Miaka ikipita, rangi ya juu hufifia na mstari wa zamani huanza kuchungulia. Huo mstari unaochungulia ndio uliozaa jina Pentiment. Mchezo unaanza kwa mchezaji kukwangua maandishi ya ukurasa wa zamani ili mapya yaandikwe. Hivyo jina ni jazanda ya historia: chini ya kila kisa kuna kisa kingine.

Fasihi yetu ina mfano bora wa jambo hilo. Tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ilitolewa mwaka 2001, na wengi wetu tuliifundisha ilipokuwa kitabu teule. Ndani yake Mwelusi anapambana na Mtemi Bokono, na anasalitiwa na nduguye Gege kwa tamaa ya kuozwa binti wa mtawala. Ukikwangua rangi ya juu utaiona sura ya Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Lamu na Pate, naye akisalitiwa na wa damu yake mwenyewe kwa ahadi kama hiyo.

Utendi wa Fumo Liyongo tunaousoma uliandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu, ilhali kisa chenyewe ni cha kale zaidi. Tayari mwaka 1870 Edward Steere alikuwa amekichapisha kwa nathari. Kuhusu wakati aliposhi Liyongo mwenyewe wataalamu hawajaafikiana, na makadirio yao yameachana kwa karne kadhaa, baadhi yakimweka katika zile zile ambazo Wazungu huziita Enzi za Kati. Kijumwa naye alikuwa mtu wa aina ya Andreas. Alikuwa malenga, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri aliyenakili miswada kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, wakati ambapo vitabu vya chapa vilikuwa vimeanza kuenea.

UTENDI UNAVYOFANANA NA MCHEZO

Tuutazame utendi kwa jicho la mchezo wa mkasa. Liyongo amefungwa kwa minyororo na walinzi wako mlangoni. Hicho ni kizuizi. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamake, lakini walinzi huchukua vyakula vizuri na kumwachia vibovu. Hiyo ni kanuni ya mahali. Liyongo anampa Saada ujumbe wa fumbo, ambao walinzi wanausikia bila kuuelewa: mama aoke mkate mzuri na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa. Walinzi wanachukua mkate mzuri na kumtupia mfungwa wa wishwa. Kisha Liyongo anaomba achezewe ngoma ya gungu. Ngoma inaporindima, mlio wake unaufunika mlio wa tupa ikikata chuma.

Kitu, kizuizi, kanuni, fumbo na wakati mwafaka: hivyo ndivyo viungo vya mchezo wowote wa mkasa. Tofauti ni kwamba katika utendi Liyongo ndiye anayefumbua na sisi tunashangilia. Katika mchezo, mzigo wa kufumbua ungekuwa wetu.

Na mwisho wa Liyongo una swali zito kama lile la Tassing. Mwanawe anatumwa kumuuliza siri ya kifo chake. Liyongo anashuku, lakini anaitoa: sindano ya shaba kitovuni. Mwana anamchoma baba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua uta na mishale, anapiga magoti karibu na kisima na kufia hapo, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwana hakupata zawadi aliyoahidiwa. Tunajua mkono ulioshika sindano. Je, tunajua muuaji? Ni mwana aliyechoma, mfalme wa Pate aliyemtuma, au Liyongo mwenyewe aliyeitoa siri huku akishuku?

MATUMIZI DARASANI

Mwalimu hahitaji kuununua mchezo huu ili kutumia mbinu yake. Kwanza, una gharama na unahitaji mashine. Pili, Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha zake. Kinachohitajika ni karatasi na vipindi viwili vya dakika 40. Tunapendekeza hatua zifuatazo:

1. Mwalimu aandae kadi 8. Kila kadi iwe na tukio moja kutoka katika utendi: jaribio la kumwua Liyongo penye mkoma, mkate wa wishwa, ngoma ya gungu, mfalme anamwita mwana, mwana anamuuliza baba siri, Liyongo anaitoa siri, mauaji, na kisimani.

2. Darasa ligawanywe katika makundi. Kila kundi lichague kadi 4 tu kabla ya kuzisoma, kwa kuona vichwa vyake. Likishachagua, haliruhusiwi kubadili. Hapo ndipo wanafunzi wanapouonja uhaba wa wakati.

3. Kila kundi lijadili swali hili: "Ni nani anayestahili kubeba lawama kuu ya kifo cha Liyongo?" Lichague mtu mmoja na kuandika aya tatu. Kila hoja itajwe pamoja na kadi inayoithibitisha.

4. Makundi yasomeane. Kundi moja likimlaumu mwana na jingine mfalme, mwalimu asitangaze mshindi. Aulize: "Ni kundi lipi lililotumia vizuri zaidi ushahidi liliokuwa nao? Ni hoja ipi iliyosemwa bila kadi?"

5. Katika kipindi cha pili, kila mwanafunzi aandike insha yake kwa kutumia utendi mzima, ikiwa ni pamoja na aya moja inayokubali ushahidi unaopingana na msimamo wake na kuujibu.

Hatua ya tano ndiyo kipimo. Mwanafunzi anayeweza kusema "ni kweli mwana ndiye aliyechoma, lakini..." amekwisha kuvuka kutoka kukariri hadi kuhakiki.

PINGAMIZI

Yapo mapingamizi mawili ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza ni kwamba njia hii inaweza kumfanya mwanafunzi aamini kuwa katika fasihi jibu lolote ni sahihi. Hilo si kweli, na mchezo wenyewe unalikanusha. Mchezaji asiyepeleleza hana la kusema mbele ya hakimu. Majibu yanaweza kuwa mengi, ila si yote yenye uzito sawa. Anayedai kwamba Saada ndiye aliyemsaliti Liyongo hana ushahidi hata chembe, na anastahili sufuri.

Pingamizi la pili ni la muda. Silabasi ni ndefu, mtihani unakaribia, na mwongozo unatoa majibu kwa haraka. Hatusemi miongozo itupwe. Mwongozo mzuri humsaidia mwanafunzi kupata njia katika kitabu kigumu. Hata hivyo, mwongozo ni ushahidi wa msomaji mwingine. Mtahiniwa anayeutegemea peke yake ni sawa na shahidi aliyefika mahakamani kusema aliyoyasikia, si aliyoyaona. Mtahini akigeuza swali kidogo tu, shahidi huyo hana pa kushika.

HITIMISHO

Tumeona kwamba Pentiment ni kazi yenye msuko, wahusika, mandhari, mtindo na jazanda zinazoweza kuhakikiwa kwa istilahi zilezile tunazozitumia darasani. Tumeona pia kwamba mbinu zake kuu, yaani kizuizi, fumbo na ushiriki wa hadhira, zimo katika utendi wetu na katika vitendawili vyetu. Funzo lake kubwa kwa mtahiniwa ni kwamba hukumu juu ya mhusika ni jukumu. Ukisema mhusika ni msaliti, umemhukumu, na ni wajibu wako kuonyesha ulikoyaona hayo. Wanafunzi wetu wataketi katika mabaraza, mahakama na vituo vya kura, wakisikiliza watu wakilaumiana. Heri wajifunze mapema kuuliza: ushahidi uko wapi?

MASWALI YA MAREJEO

1. Eleza tofauti tatu kati ya nafasi ya msomaji wa riwaya na nafasi ya mchezaji wa mchezo wa mkasa.

2. "Fanani wa ngano na mtunzi wa mchezo wa mkasa ni ndugu." Jadili kwa kurejelea nafasi ya hadhira katika fasihi simulizi.

3. Fafanua umuhimu wa Saada katika ukombozi wa Liyongo, kisha uonyeshe jinsi ujumbe wa fumbo unavyoendeleza taharuki.

4. Chagua mhusika mmoja katika kitabu teule unachokisoma ambaye hutajwa kuwa mbaya. Kusanya ushahidi wa kumtetea na wa kumshtaki, kisha utoe hukumu yako.